Jina Lililolazwa

Yamesemwa mengi mjini Mbinga kuhusu Herieth, na wengi wa waliosema hawakuwepo. Wapo wanaodai alijitwalia cha ukoo wa watu huku matanga bado mabichi. Wapo wanaosema mtu wa ziwani habadiliki, hata akila ugali wa milimani mpaka azeeke. Heri yaelezwe kama yalivyotokea, kwa mpangilio wake, maana ukoo wenye heshima hauachi habari zake zisimuliwe kilabuni.

Herieth alizaliwa Liuli, binti wa mwalimu wa misheni ya Kianglikana, mtu aliyewafundisha watoto wake kupiga pasi hata nguo za kulalia. Alisoma hadi kidato cha nne, akaajiriwa posta ya Mbinga kuwa opereta wa simu. Enzi zile simu ya kutoka Songea haikumfikia mtu yenyewe. Ilipita kwanza mikononi mwa Herieth, aliyeketi mgongo wima mbele ya ubao wa matundu, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale. Alizijua sauti za wakubwa wote wa wilaya, na hakuna neno lao hata moja lililowahi kutoka kinywani mwake. Bernadi, kijana wa Kimatengo aliyekuwa akipiga simu Moshi kuulizia bei ya kahawa, alimpenda kwanza kwa sauti. Sura aliiona baadaye, na alikuwa akipenda kusema kwamba hakujuta.

Walifunga ndoa Kigonsera, kwa padre. Baba yake Herieth alipanda milima kutoka ziwani na magunia ya usipa mkavu, dagaa wa ziwani, ili ndugu wa mume wasije wakasema binti yake ameingia mikono mitupu. Hawakusema. Walisema mengine.

Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, ushirika ukalegea, na posta na simu zikagawanywa. Ubao wa matundu uling'olewa ukutani, na Herieth akapunguzwa kazini pamoja nao. Bernadi akamwambia, "Basi njoo uwe posta yangu." Alikuwa ameanza kukusanya kahawa ya wakulima wa kijiji cha Ukata na kuitafutia wanunuzi wa nje. Walipopata leseni ya kuuza moja kwa moja, walifunga dishi kubwa juu ya paa la ofisi, iliyoungana na nyumba yao, na kampuni moja ya intaneti ya Dar es Salaam ikamleta fundi kijana aitwaye Steven kuwawekea seva ya barua pepe. Waliiweka katika chumba cha nyuma, juu ya meza ya mninga, na Herieth akawa mtunzaji wake. Alifundishwa, akaelewa. Kwake yeye kazi ilikuwa ileile ya zamani: sauti za mbali zinafika, wewe unazipeleka zinakotakiwa.

Siku ya kwanza Steven aliuliza, "Mashine iitwe nani, mzee? Kila mashine lazima iwe na jina lake, ndilo watu wa nje watakaloliulizia."

"Iite Bernadi," mwenyewe akajibu akicheka. "Nikiwa shamba, yenyewe iitike."

Ndivyo ilivyokuwa. Steven alimweleza Herieth kwamba anayetaka kuleta barua kwenye kampuni huuliza njia kwanza. Kuna kibao duniani kinachosema barua za kampuni hii zipelekwe kwa mashine iitwayo Bernadi, na kibao cha pili kinachoonyesha Bernadi anakaa wapi. Vibao vyote viwili vilitunzwa Dar es Salaam.

Bernadi alifariki mwanzoni mwa masika. Alianguka shambani, kati ya mikahawa, kofia ikiwa mkononi kana kwamba alikuwa anamsalimia mtu.

Sasa, ukoo wa Bernadi una desturi yake, ambayo hata Wamatengo wengine huishangaa. Mkubwa wa nyumba akifa, jina lake hulazwa. Halitamkwi na yeyote wa ukoo mpaka kaburi lijengewe na siku maalumu itangazwe, ambapo mrithi husimama mbele ya watu na kulitamka. Anayelitamka wa kwanza ndiye aliyeamka nalo: ataitwa kwa jina hilo, ataamkiwa kama marehemu alivyoamkiwa, na ahadi za marehemu zitakuwa zake. Kabla ya hapo marehemu ni "mwenye nyumba" tu. Hata padre aliombwa, naye kwa uungwana wake aliongoza misa nzima ya mazishi akisema "mtumishi wako." Mrithi alikwishajulikana: ni Ildefonsi, mdogo wa marehemu, mtu mpole aliyekuwa akiendesha lori la kampuni. Ildefonsi mwenyewe alichukua rangi na brashi akalifuta jina la kaka yake mlangoni mwa lori.

Herieth hakutaka mtu aseme kwamba mke kutoka ziwani ameshindwa kumheshimu mumewe. Alifanya yote waliyofanya wenzake, kisha akapita mbele. Alikata lebo za magunia na kugeuza kibao cha ofisi kikatazama ukuta. Usiku wa kuamkia mazishi, kichwa kizito kwa kulia, aliingia chumba cha nyuma, akalitoa jina lile kwenye seva, akaiita Ofisi. Alilifunga pia sanduku la barua la marehemu. Kisha akaiandikia kampuni ya Dar akiwaomba walifute jina hilo na huko kwao. Walijibu kwamba ombi limetekelezwa. Asubuhi walimzika, na mambo ya msiba yakamzonga, asikumbuke tena.

Barua ziliendelea kuja, tena nyingi, za rambirambi. Halafu zikapungua. Halafu siku moja zikakoma.

Aliyemshtua ni Hamphrey, wakala wao wa Moshi, kwa simu ya mkononi, siku ya Jumanne.

"Shikamoo mama. Poleni tena na msiba."

"Marahaba, tumeshapoa. Habari za huko?"

"Za huku si nzuri sana. Yule mnunuzi wa Hamburg anasema amewaandikia mara kwa mara, kimya. Sampuli amezipenda. Anataka mthibitishe mzigo na mumtumie karatasi anazoziomba. Sasa ananiuliza mimi, hivi ile nyumba bado ipo, au imekufa na mwenyewe?"

"Mwambie ipo."

"Nimemwambia. Anataka kuisikia nyumba yenyewe ikijibu. Amesema Ijumaa jioni ndiyo mwisho, akikosa anachukua kahawa ya Waethiopia. Mimi sina cha kumzuia, mama."

Wakulima wa Ukata walikuwa wametoa kahawa yao bila risiti ya maana, kwa sababu Bernadi aliwashika mikono akasema, "Hii nitaiuza." Kahawa ikirudi, hakuna atakayelaumu mashine. Watasema ukoo ule ulikuwa na mtu mmoja mkweli, na amezikwa.

Akaenda chumba cha nyuma. Ukungu ulikuwa umeshuka toka vilimani mpaka dirishani, na chumba kilikuwa na baridi ya pango. Taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka na kuzima. Alianza kama alivyofundishwa, toka karibu kwenda mbali. Alijiandikia barua mwenyewe, ikafika papo hapo. Alimwandikia Hamphrey, naye akapiga simu kusema ameipata. "Nijibu sasa hivi," Herieth akamwambia, akakaa akiitazama skrini. Hamphrey alijibu. Hakikuja kitu. Nyumba ilikuwa na mdomo, haikuwa na masikio.

Alipanda ngazi akaliangalia dishi. Buibui alikuwa amefuma kati ya nguzo na kikombe cha kupokelea mawimbi, akamwondoa. Alichomoa waya na kuchomeka. Alizima seva, akaiacha ipoe, akaiwasha. Alikagua nafasi ya diski, ikawepo tele. Mwishowe alifungua kumbukumbu za seva, mahali inapoandika kila anayebisha hodi, awe amekaribishwa au amefukuzwa.

Hapo ndipo nywele zilipomsimama. Alitegemea kuona watu wanafukuzwa mlangoni. Hakukuwa na mtu. Hamburg hakuwepo, Hamphrey hakuwepo, na hata wale walaghai wa kuuza dawa na bahati nasibu, ambao kila siku alikuwa akiwafagia kama majani makavu, walikuwa wamepotea. Akarudi nyuma kurasa nyingi, akaona jinsi walivyopungua: leo wengi, kesho wachache, halafu mmoja mmoja, halafu basi. Ilikuwa kama kutazama uwanja wa nyumba ambayo watu wamesikia habari zake, wakaanza kupita njia nyingine.

Isipokuwa kitu kimoja. Kwenye foleni ya barua zilizokwama kulikuwa na barua, moja kwa kila alfajiri tangu mazishi. Zote zilikuwa zimeandikwa na mashine yenyewe. Alizijua: kila kunapopambazuka seva humwandikia mkubwa wake kumwarifu kwamba imelala salama na imeamka salama. Mkubwa huyo alikuwa Bernadi. Mashine ilimwandikia, ikaambiwa hayupo. Ikairudisha barua kwa mtunza barua zilizopotea, naye pia alikuwa Bernadi, ikaambiwa hayupo. Hivyo kila alfajiri, wakati Herieth amelala chumba cha pili, kitu kile mezani kilikuwa kimemtafuta mumewe, kikauliza, kikajibiwa kwamba hayupo, na kesho yake kikauliza tena.

Alilisoma jina lile kwa macho, midomo ameifumba kwa nguvu.

"Wifi, unaongea na nani humo?"

Alikuwa Vitalia, dada wa marehemu, aliyemfuatia kuzaliwa. Alikuwa amesimama mlangoni na kaniki yake ya msiba, mikono kifuani. Tangu mazishi alikuwa akikaa pale nyumbani kulinda desturi, na kumlinda Herieth pia.

"Siongei na mtu, wifi. Nakagua mashine."

"Nimesikia kama inakoroma."

"Ni feni yake."

"Mwenye nyumba alikuwa anakoroma hivyohivyo," Vitalia akasema, wala hakuwa anatania. Akaenda zake jikoni.

Jumatano na Alhamisi zilipita Herieth akihangaika. Ildefonsi alikuwa Ukata na lori, kukusanya kahawa iliyobaki, na huko simu hazishiki. Ijumaa asubuhi Hamphrey akapiga tena.

"Mama, nimepata kitu. Mzungu amenitumia majibu anayorudishiwa akiwaandikia. Ngoja nikusomee. Inasema kwa Kiingereza kwamba barua haikuweza kufikishwa, kwa sababu mashine iitwayo Ber..."

"Usilitamke!"

"Samahani mama. Ni jina la mashine tu."

"Ruka hapo. Endelea."

"Basi, mashine hiyo... haipo duniani. Ndivyo ilivyoandikwa. Wameitafuta, na hakuna mahali panapojulikana kwa jina hilo."

Herieth aliketi. Usiku ule wa kuamkia mazishi ulimrudia wote: vilio uani, harufu ya maua na majani ya mgomba, vidole vyake mwenyewe vikiandika kwenda Dar. Kibao cha kwanza kilikuwa bado kimesimama, kikiuambia ulimwengu, nenda kwa Bernadi. Kibao cha pili, cha kuonyesha Bernadi anakaa wapi, alikuwa ameking'oa yeye. Mitambo ya mbali ilikuwa imelikumbuka jina kwa siku kadhaa, ndiyo maana barua za rambirambi zilipita. Kisha mmoja mmoja ukasahau. Alikuwa amemlaza mumewe vizuri mno, hadi dunia nzima ikamsahau.

Akampigia Steven, akamweleza bila kutaja jina.

"Kumbe mama! Hilo ni dogo," Steven akasema. "Nilikuwa likizo, mwenzangu amelifuta bila kuuliza. Narudisha sasa hivi, nusu saa barua zinaingia."

"Weka jina jingine badala yake. Weka Ofisi."

"Naweza, ila hapo inabidi kubadili kibao kikubwa, na mitambo ya nje imekikariri kile cha zamani. Itachukua siku, wengine hata wiki. Jina la zamani linarudi leo hii."

"Leo ni Ijumaa."

"Ndiyo, mama."

"Basi rudisha hilohilo."

"Sawa. Ila kuna utaratibu. Kuna watu walidanganya kwa barua, wakateka majina ya wateja. Siku hizi mwenye usajili analitamka jina kwa simu, sauti yake inarekodiwa. Wewe ndiye uliyeandikishwa badala ya mzee."

"Nikikutajia herufi?"

"Herufi, halafu jina zima. Bila hivyo mfumo haunifungulii. Hata ningekuwa mwanao, mama."

Vitalia alikuwa amesimama tena mlangoni. Safari hii alikuwa amesikia.

"Usithubutu," akasema polepole. "Msubiri Ildefonsi."

"Ildefonsi yuko Ukata na barabara ni tope. Atafika kesho akijaliwa."

"Basi kesho."

"Kesho mnunuzi atakuwa ameshaondoka. Wifi, tamka wewe. Wewe ni damu yake. Nitakushikia simu, watasema ni mimi."

Vitalia alirudi nyuma hatua nzima, akagonga mgongo kwenye fremu ya mlango. "Mimi? Nikaamke naye mimi? Unajua unachoomba? Halafu alale wapi, kitandani kwangu?" Akajifunga kaniki upya. "Na wewe ni mwanamke, Herieth. Mtu wa kuja. Jina hilo ni la wanaume wa nyumba hii."

"Nalijua hilo kuliko wewe. Nimelilinda jina hili mpaka nikalipoteza."

"Watasema umeliiba."

"Waseme. Nikinyamaza, watasema lilikuwa jina la mwongo. Lipi bora?"

Herieth alinyoosha kanga yake ya msiba, akaketi mgongo wima kama alivyokuwa akiketi mbele ya ubao wa matundu, akaweka simu sikioni.

"Upo, Steven?"

"Nipo. Narekodi."

Akataja herufi moja moja, taratibu, kama alivyokuwa akizitaja akiwa opereta. Alipozimaliza kulikuwa na kimya, na katika kimya hicho aliisikia feni ya mashine ikipunguza mwendo, kama mtu anayezuia pumzi ili asikie vizuri.

"Jina zima sasa, mama."

"Bernadi," akasema Herieth.

Simu za masafa marefu wakati mwingine hurudisha sauti. Hakuna aliyelijua hilo kama yeye. Alikuwa ameisikia sauti yake ikirudi maelfu ya mara. Lakini hii ilichelewa. Ilikuja pale alipokwisha kuitoa simu sikioni, nzito, ya chini, yenye kikohozi kidogo mwishoni: *Bernadi*. Akaitazama simu. Vitalia naye alikuwa anaitazama.

"Umesikia?" Herieth akauliza kwenye simu.

"Nimekusikia vizuri," Steven akasema. "Na mzee pia nimemsikia. Tayari, nimelirudisha."

Laini ikakatika.

Wakaketi wanawake wawili. Nje ukungu ulikuwa umeufunika hata mti wa uani. Herieth aliiandika mashine jina lake la zamani, akalifungua sanduku alilokuwa amelifunga. Kitu cha kwanza kutembea kilikuwa foleni. Barua za alfajiri zilianza kuondoka moja baada ya nyingine, kila moja ikimfikia yule iliyokuwa ikimtafuta, na diski ikakwaruza ndani ya boksi kama kucha kwenye ubao. Kisha taa ya kijani ikaacha kupepesa, ikawaka moja kwa moja. Kumbukumbu zikajaa: mtu anabisha, anakaribishwa, mwingine anabisha, anakaribishwa. Hamburg walikuwa kati ya wa mwanzo. *Bwana Bernadi mpendwa, je, upo?*

Herieth alivuta kibodi. Aliandika kwa Kiingereza chake cha Liuli, safi, bila kosa, kwamba nyumba ipo, kwamba mzigo ni wao, kwamba karatasi anazituma saa hiyohiyo. Alipofika mwisho mahali pa kuweka jina, mikono yake ilisita. Akaweka lile alilolitamka. Hakukuwa na jingine la kuweka. Mnunuzi hakuwa ameulizia jingine.

Jibu lilikuja kabla jua halijazama: *Vizuri. Tulidhani umetutoka.*

Ildefonsi alifika kesho yake mchana, tope hadi magotini. Vitalia ndiye aliyemweleza, uani, kwa Kimatengo, kwa sauti ya chini. Watu wanasema Ildefonsi aligombana. Si kweli. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akasema, "Afadhali. Mimi nilikuwa nikiiogopa siku ya kulitamka." Kisha akaenda kuipakia kahawa ya Hamburg. Mpaka leo ndiye anayeendesha lori, na jina limeandikwa tena mlangoni, kwa mkono wake.

Lakini lililobaki kusemwa ni la asubuhi ile ya Jumamosi, kabla Ildefonsi hajafika. Herieth aliamka akaenda chumba cha nyuma. Ilikuwepo barua ya alfajiri, kama kawaida, ikimwarifu mkubwa wa mashine kwamba wamelala salama na wameamka salama, na haikuwa imekwama popote. Ilikuwa imefunguliwa. Alijiambia kwamba huenda aliifungua mwenyewe kwa usingizi.

Alipogeuka, Vitalia alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Hakumwita wifi. Alipiga magoti, kikombe mkononi, macho chini, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi kwa miaka yote aliyokuwa na kaka.

"Shikamoo, kaka."

Herieth alitaka kumwinua. Alitaka kusema, amka wifi, ni mimi. Badala yake aliisikia sauti ikitoka kifuani mwake, nzito kidogo, yenye kikohozi mwishoni.

"Marahaba," ikaitika. "Umelalaje, Vitalia?"

Akapokea chai, akaketi mezani, akaanza kusoma barua zake.